Wasifu wa Kazi Baada ya Miaka Arobaini na Mitano

Tangazo la kazi likibandikwa kwenye ubao wa halmashauri ya Ileje pale Itumba, wanaolisoma si vijana waliomaliza chuo peke yao. Yupo dereva wa malori aliyechoshwa na safari za Kongo. Yupo mwalimu aliyestaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na bado ana mtoto anayesoma sekondari. Yupo mama aliyenunua na kuuza mahindi kwa miaka mingi, akiyasafirisha hadi Tunduma, ambaye sasa anatafuta kazi yenye mshahara wa mwezi. Yupo aliyechimba makaa ya mawe Kiwira. Wote wamefanya kazi kweli, tena kazi nzito. Wakiambiwa walete CV huenda steshenari, wakaketi mbele ya kijana anayechapa kwa kufuata faili la mteja aliyetangulia: jina, tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, shule ya msingi, sekondari, mambo ninayopenda, wadhamini. Miaka 20 ya kazi hupewa mstari mmoja. Mstari huo ndio ninaotaka kuujadili hapa, kwa sababu watu wazima wengi hupoteza kazi wanayoiweza pale pale, kabla hata ya kuitwa kwenye usaili.

Kubadili kazi ukubwani si jambo geni kwenye pembe hii ya nchi. Mgodi wa Kiwira ulijengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1980, ukabinafsishwa katikati ya miaka ya 2000, uzalishaji ukasimama, kisha ukarudi mikononi mwa serikali chini ya Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, ambalo baadaye lilianza kuchimba upande wa Kabulo, hapo hapo Ileje. Kila hatua ya safari hiyo iliwaacha watu wazima wakijiuliza watafanya nini. Tunduma nako kituo cha pamoja cha forodha kati yetu na Nakonde ya Zambia kilizinduliwa Oktoba 2019, na kazi nyingi za mpakani zilizokuwa zikitegemea kujuana na kukimbizana na makaratasi zimehamia kwenye kompyuta. Barabara ya lami kutoka Mpemba hadi Isongole imeifanya Itumba isiwe tena mbali na barabara kuu ya Zambia. Soko la ajira limebadilika pamoja na mambo hayo: fundi, mchuuzi na dereva wa jana wanaona kazi mpya karibu nao, lakini kazi hizo zinaombwa kwa karatasi.

Kabla ya kuandika neno lolote, mwombaji ajue ni milango ipi iko wazi kwa umri wake. Nalisema hili mapema kwa kuwa nimeona watu wakitumia fedha na matumaini kwenye maombi ambayo hata CV nzuri kiasi gani isingeyaokoa. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida hutaka mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa yule ambaye tayari yuko kazini serikalini. Hesabu yake inaonekana: umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na anayetaka pensheni ya kila mwezi anatakiwa awe amechangia mfuko kwa miezi 180, yaani miaka 15. Anayeanza akiwa na miaka 46 hafiki. Aliyekwisha kustaafu utumishi wa umma hawezi kuomba tena bila kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi. Na tangu Mei 2004, elimu ya kidato cha nne imekuwa sharti la kuajiriwa serikalini, kwa hiyo dereva wa darasa la saba, hata awe hodari namna gani, hana njia ya kupitia huko mpaka asome na kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Upande wa sekta binafsi na mashirika hali ni tofauti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini, na umri umetajwa miongoni mwa misingi inayokatazwa. Kwa mtu wa miaka 50 aliyeko Itumba, basi, milango ya kweli ni kampuni za usafirishaji na uwakala wa forodha Tunduma, vyama vya ushirika vya mazao, shule na hospitali za madhehebu ya dini kama ile ya Wamoravian ya Isoko, miradi ya mashirika yasiyo ya kiserikali, maghala, wakandarasi wa barabara na migodi. Huko hakuna anayehesabu kama utafikisha miezi 180. Wanachouliza ni kama kazi itafanyika.

Ni hapa pia ushauri mwingi unaosambazwa kwenye simu unapowapotosha watu. Utasoma kwamba usiandike tarehe ya kuzaliwa, usitaje mwaka uliomaliza shule, ficha umri wako. Ushauri huo umetoka Marekani, ambako sheria ya mwaka 1967 inawalinda wafanyakazi kuanzia miaka 40 na waajiri wenyewe hawapendi kuona umri kwenye karatasi. Kwetu utaombwa cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na cheti cha kidato cha nne chenye mwaka wake. Ukiuficha umri kwenye ukurasa wa kwanza, kiambatisho cha tatu kitautaja, na msomaji atajiuliza umeficha nini kingine. Uandike wazi, kisha ufanye kazi ya kumwonyesha huyo msomaji miaka hiyo imezaa nini.

Kazi hiyo huanzia kwenye sanduku la makaratasi nyumbani. Mtu mzima ana uzoefu mwingi na vielelezo vichache, na kwa maoni yangu pengo hilo ndilo linalomwangusha kuliko mvi. Mwaka 2017 serikali ilihakiki vyeti vya watumishi wake na kukuta karibu 10,000 wakiwa na vyeti vya kughushi. Tangu wakati huo hata mwajiri binafsi husoma CV akiwa na shaka. Maneno kama “nina uzoefu mkubwa” hayamsaidii. Anatafuta kitu cha kushika.

Vitu vya kushika vipo, ila havijulikani. Sheria ile ile ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi. Wengi hawajawahi kukiomba. Kama kampuni uliyoifanyia kazi bado ipo, iandikie sasa, hata kama uliondoka miaka kadhaa iliyopita, uombe barua inayotaja cheo, tarehe za kuanza na kumaliza, na majukumu. Kama ilishakufa, taarifa ya michango yako NSSF inaonyesha mwajiri gani alikuchangia na kwa miezi ipi. Hiyo ni kumbukumbu isiyo na upendeleo. Cheti cha sekondari kikipotea, Baraza la Mitihani lina utaratibu wa kuomba kingine, na safari yake huanzia polisi kwa taarifa ya upotevu. Majina yakitofautiana, jambo la kawaida kwa wanawake walioolewa na kwa waliobatizwa baada ya kuandikishwa shule, yanyooshwe kisheria kabla ya kuomba kazi. Usisubiri kulieleza mbele ya jopo.

Kwa fundi aliyejifunzia gereji au kwa baba yake, kuna njia ambayo naisifu bila kusita: VETA hupima ujuzi uliopatikana nje ya darasa na kuutolea cheti. Mwashi, seremala, fundi magari, mpishi, mshonaji anapimwa akiwa kwenye kazi yenyewe, anaongezewa mafunzo pale alipopungukiwa, kisha anatambuliwa. Wazo la kwamba kazi ni shule si geni nchini mwetu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba vijana wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu, na Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimewasomesha maelfu ya watu wazima wasioacha kazi zao. Cheti cha namna hiyo, hata kiwe cha ngazi ya chini, humwambia mwajiri kwamba mtu wa miaka 49 bado anafundishika. Wasiwasi wa waajiri kuhusu hilo, kama nitakavyoeleza, ni mkubwa kuliko wanavyousema.

Sasa mstari wenyewe. Chukua mfano wa dereva wa miaka 47 anayeomba kazi ya msimamizi wa magari katika kampuni ya malori Tunduma. CV ya steshenari itasema: “2005 hadi 2023, dereva.” Msomaji ataona mtu anayejua kushika usukani, na kazi inayotangazwa si ya usukani. Lakini fikiria alichofanya miaka 18 hiyo. Amepeleka mizigo Lusaka, Ndola na Lubumbashi kupitia Tunduma na Kasumbalesa. Kila mpaka amekabidhi manifesti, bima na nyaraka za bondi, akasubiri, akapiga simu kwa wakala, akajua ni karatasi ipi iliyokwamisha. Amepita mizani ya Mpemba akijua kwamba kikomo cha gari lenye mzigo ni tani 56, na kwamba gari linaweza kuwa chini ya kikomo hicho na bado likatozwa faini kwa sababu ekseli moja imeelemewa. Amejaza mafuta, amelinganisha lita na kilometa, amepanga matengenezo njiani, amemfundisha tanboi. Hayo ndiyo majukumu ya msimamizi wa magari. Alikuwa akiyafanya bila kuwa na cheo.

Kwa hiyo aandike hivi: “2005–2023. Dereva wa masafa marefu, magari ya ekseli saba, Dar es Salaam hadi Lubumbashi. Nilisimamia nyaraka za mzigo katika mipaka ya Tunduma na Kasumbalesa. Nilipanga mzigo kwa ekseli kabla ya mizani. Nilitunza daftari la mafuta na matengenezo kwa kila safari. Niliwafundisha madereva wapya wanne njia hii.” Hakuna sifa hata moja hapo. Kila kipande kinaweza kuulizwa na kujibiwa. Idadi ya waliofundishwa iandikwe kama wapo na wanaweza kupigiwa simu. Kama hawapo, iondoke. Nasisitiza hili kwa kuwa kishawishi cha kupamba ni kikubwa kwa mtu anayehisi amechelewa, na dereva aliyepamba hugunduliwa kwenye swali la pili la usaili.

Kisha ipo hatua ambayo wengi huiruka: kulisoma tangazo kama mkataba. Tangazo likitaja “kuratibu safari, kudhibiti matumizi ya mafuta, kuandaa taarifa za wiki,” mwombaji achukue maneno hayo matatu na kujiuliza kwa kila moja, mimi hili nimelifanya wapi? Mambo mawili ya kwanza dereva wetu anayo. La tatu hana. Hajawahi kuandaa taarifa kwenye kompyuta. Basi jibu ni kwenda kujifunza jedwali la hesabu kwenye kompyuta, pale mjini au Vwawa, na kuandika mwezi na mwaka aliojifunza. Anayetaka kuhamia upande wa uwakala wa forodha ana kozi yake pia: cheti cha Afrika Mashariki cha forodha na uwakala wa mizigo, ambacho nchini kwetu kinafundishwa na Chuo cha Kodi. Pengo moja likizibwa kwa cheti kimoja kinacholingana na tangazo, CV nzima husomwa kwa jicho jingine. Vyeti sita vya semina za siku moja visivyohusiana na kazi havileti matokeo hayo, na ningevipunguza bila huruma.

Mwalimu mstaafu ana tatizo la namna nyingine. Yeye ana vyeo na barua zote, tena nyingi kupita kiasi, na huandika kila shule aliyohamishiwa tangu aanze kazi. Tuseme anaomba kazi ya meneja wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa kahawa, AMCOS. Kamati ya chama haina haja ya kujua kwamba alifundisha Jiografia darasa la sita. Inataka kujua kama anaweza kutunza fedha za watu, kuendesha mkutano wenye wanachama wakali, kuandika mihtasari, na kusimama mbele ya wakaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, bila kutetemeka. Mwalimu mkuu amefanya yote hayo. Amesimamia fedha za shule zilizoingia kwenye akaunti, ameitisha vikao vya wazazi kuhusu michango, ameandika mihtasari ya kamati ya shule, amekaguliwa. Ayatangulize hayo, na uhamisho wote wa kituo hadi kituo aukusanye kwenye mstari mmoja wenye mwaka wa kuanza na wa kumaliza. Kama yeye mwenyewe analima kahawa na ni mwanachama wa AMCOS jirani, hilo lipande juu, karibu na jina lake.

Mfanyabiashara ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote, na ndiye ninayemwonea uchungu zaidi, kwa sababu hajawahi kuwa na mwajiri wa kumwandikia barua. Mama aliyeuza mahindi miaka 15 anaomba kazi ya kutunza ghala. CV yake ya kwanza mara nyingi haina sehemu ya kazi kabisa. Inaruka kutoka kidato cha nne hadi wadhamini, kana kwamba alilala miaka yote hiyo. Aiandike biashara yake kama kazi, kwa jina, mahali na miaka: “2008–2023. Mmiliki, biashara ya nafaka, Itumba na Tunduma.” Chini yake: kununua kwa wakulima, kupima unyevu na uzito, kuhifadhi mahindi yasipate wadudu na sumukuvu, kutunza daftari la madeni. Vielelezo vyake ni leseni za biashara, namba ya mlipakodi, risiti za ushuru wa mazao, na daftari la kikundi cha kuweka na kukopa alikokuwa mweka hazina. Mweka hazina wa VICOBA aliyegawa fedha za mwaka bila ugomvi ana rekodi ya uaminifu ambayo vijana wengi wenye stashahada hawana. Mwenyekiti wa kikundi anaweza kuwa mdhamini wake, na ni mdhamini mzuri kuliko diwani anayemfahamu kwa sura tu.

Kuhusu umbo, kuna ushauri unaovuma kwamba anayebadili kazi aache kufuata tarehe, apange CV kwa ujuzi tu: uongozi, mawasiliano, utatuzi wa matatizo. Siukubali kwa mazingira yetu. Mfumo wa maombi wa Sekretarieti ya Ajira wenyewe umegawanywa katika elimu, uzoefu wa kazi wenye tarehe, mafunzo, lugha, kompyuta na wadhamini. Anayeingia humo hana nafasi ya kupanga upya maisha yake. Mwajiri wa Tunduma naye, akiona ujuzi usio na mahali wala mwaka, anahisi kuna kifungo au wizi umefichwa. Njia inayofaa ni ya katikati. Juu kabisa, chini ya jina na simu, weka mistari minne inayotaja kazi unayoomba, unachokileta kutoka kazi ya zamani, na umejiandaa vipi. Kisha kazi kwa tarehe, ya karibuni ikitangulia, na zile za zaidi ya miaka 20 iliyopita zikifupishwa. Elimu ifuate baadaye, kwa sababu kwa mtu wa umri huo kazi ndiyo hoja kuu. Kurasa mbili zinatosha.

Mistari minne hiyo, kwa dereva wetu, ingeweza kuwa hivi: “Naomba kazi ya msimamizi wa magari. Nimeendesha magari ya masafa marefu kwa miaka 18 kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi, na naifahamu mipaka, mizani na nyaraka zake. Mwaka huu nimesoma matumizi ya kompyuta na utunzaji wa kumbukumbu. Naishi Itumba na niko tayari kuhamia Tunduma.” Hayo yanatosha kumfanya mwajiri asome ukurasa wa pili.

Miaka yenye pengo isemwe kwa sentensi moja: kuuguza mzazi, kulima, kusubiri malipo ya mgodi. Kuuguza mzazi kwetu hakuhitaji kutetewa. Lugha nazo ziandikwe zote, tofauti na tunavyozoea kutaja Kiswahili na Kiingereza tu. Kindali na Kilambya vinasemwa ng’ambo ya Mto Songwe pia, upande wa Chitipa, na mradi wowote unaogusa wakulima wa Malawi na wa kwetu unahitaji mtu anayeweza kukaa nao bila mkalimani. Kama tangazo ni la Kiswahili, andika Kiswahili kizuri badala ya Kiingereza cha kuazima ambacho hutaweza kukitetea kwenye usaili.

Limebaki jambo ambalo halionekani kwenye tangazo lolote. Anayesoma CV yako huenda ana miaka 32. Akikuajiri, atakuamkia shikamoo saa moja asubuhi na saa mbili atakupa maagizo, na anaogopa kwamba hutayapokea. Hilo ndilo swali lake, hata kama atauliza habari za kompyuta. Kulijibu kwa kuandika “naheshimu wakubwa na wadogo” hakusaidii. Linajibiwa kwa kielelezo: mahali ulipofanya kazi chini ya mtu mdogo kwako, kozi uliyosoma na vijana, mfumo mpya uliojifunza ukubwani. Dereva aliyepita Tunduma kabla na baada ya kituo cha pamoja kufunguliwa anacho kielelezo hicho tayari. Aandike kwamba alizoea utaratibu mpya na kazi ikaendelea. Na mshahara, kama tangazo halikuuliza, usiutaje. Mtu mzima huonekana ghali hata kabla hajasema.

Wadhamini wawe watatu, na angalau mmoja awe amekusimamia kazini katika miaka mitano iliyopita. Wapigie simu kwanza, uwaombe ruhusa, uwaeleze ni kazi gani na ni sehemu gani ya kazi yako ya zamani ungependa waieleze. Usiache faili lako kwenye kompyuta ya steshenari, kwa kuwa lina namba ya NIDA, simu na majina ya watu waliokuamini; lihamishie kwenye flashi yako au barua pepe yako, kisha lifutwe ukiwa umesimama pale. Utalihitaji tena, kwa sababu tangazo la wiki ijayo litakuwa na maneno yake mengine, na mistari minne ya juu italazimika kuandikwa upya.